Matroni anataka mashuka kabla ya Juni 30 na LPO "itafuata": nikate kitambaa?

SWALI

Shikamoo Mzee wetu wa safu hii.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Pasua hapa Moshi. Nina cherehani tano, mafundi watatu wa kudumu na wawili ninaowaita kazi ikizidi. Tunashona sare za shule, mapazia, mashuka na joho za kwaya. Wateja wangu wakubwa ni shule mbili za binafsi na watu wa usharika wetu. Sijawahi kulala njaa, ila kazi yetu ina misimu: Januari tunakesha, Machi tunapiga soga.

Mwezi uliopita alikuja matroni wa hosteli ya chuo kimoja cha serikali, naomba nisikitaje. Aliona mashuka niliyoshonea nyumba ya wageni akayapenda. Anataka pea 150 za kitanda cha futi tatu, rangi ya bluu, zenye nembo ya chuo kwenye kona. Nikamtajia 26,000 kwa pea, hakuomba hata kupunguziwa. Jumla ni 3,900,000. Mimi nikiweka kitambaa, uzi, nembo na hela ya mafundi, pea moja inanigharimu kama 19,000. Naona faida ya milioni moja na kidogo, na sijawahi kuipata kwa mzigo mmoja.

Sasa anasema mzigo uingie stoo kabla ya tarehe 30 Juni kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa. "Wewe anza kushona, LPO itafuata," yaani ile hati rasmi ya kuagiza mzigo. Kaniomba pia nimpelekee proforma tatu, zile karatasi za kutaja bei: ya kwangu, na mbili za wenzangu zenye bei ya juu kidogo, ili faili likae vizuri. Wakati anaondoka akacheka, akasema mambo yakiwa mazuri nisimsahau. Sikujua kama ananitania.

Mtaji sina. VICOBA chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kinaweza kunipa 2,500,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mume wangu anasema hiyo ni ghali, anataka tuweke kiwanja chetu cha Njia Panda kwa mtu anayekopesha mjini. Halafu kuna kijana mwenye stationery, anasema siku hizi serikali hainunui kwa mtu asiye kwenye NeST, ule mfumo wao wa mtandaoni, nimpe laki tatu anisajili na awe ananitafutia tenda. Nina TIN na leseni ya biashara. Jina la biashara sijalisajili BRELA, natumia jina langu, ingawa kibao cha dukani kina jina lingine.

Dada yangu aliyeolewa Arusha kaniambia wanawake tuna asilimia 30 yetu serikalini, niachane na matroni nikadai hiyo. Inapatikana wapi? Na kitambaa je, nikate au nisikate? Bluu ile pale Double Road inapungua kila nikipita.

Fundi wa Pasua

JIBU

Marahaba, mama. Usikate. Na muuza kitambaa akikutisha kwamba bluu inaisha, mwache aiuze. Bluu nyingine italetwa.

Nimekaa ofisi za ugavi hadi nilipostaafu, kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa pili wa meza. Wafanyabiashara wengi wakisikia serikali inanunua, wanafikiria mtu mmoja mwenye mfuko mkubwa. Ndani ya taasisi mtu huyo hayupo. Matroni ni mtumiaji tu. Kazi yake ni kuandika kwamba hosteli ina upungufu wa mashuka. Andiko lake linakwenda kitengo cha usimamizi wa ununuzi, ambao wanatazama kama mashuka yamo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na kama kifungu husika bado kina fedha. Wao ndio wanaochagua njia ya kununua. Anayeidhinisha ni afisa masuuli, ambaye kwenye chuo ni mkuu wake na kwenye halmashauri ni mkurugenzi. LPO ikishatoka huko, chuo ndicho kimekuagiza. Kabla ya hapo umeagizwa na mama mmoja aliyependa kazi yako, na mshahara wake hauwezi kulipa 3,900,000.

Simwiti mwizi. Inawezekana kabisa wanafunzi wake wanalalia mashuka yaliyochanika na anaona fedha za mwaka zinampita. Wenye nia njema ndio waliowaponza wazabuni wengi kuliko wezi, kwa sababu mwizi unamshtukia mapema.

Hebu tufuate mzigo wako ukiwa umeupeleka bila LPO. Umeingia stoo tarehe 25 Juni, mtunza stoo kasaini kitabu chako, mmepiga na picha. Tarehe 30 Juni mwaka umefungwa. Julai unapeleka ankara kwa mhasibu, naye anakuuliza namba ya LPO. Huna. Anakurudisha kwa matroni, matroni anakwambia subiri bajeti mpya ishuke. Inashuka, lakini bajeti hiyo ilipangwa miezi mingi nyuma na mashuka yako hayamo kwa sababu yalihesabiwa kuwa ya mwaka uliopita. Sasa yanaitwa deni la nyuma, na deni la nyuma ni lazima lihakikiwe. Mkaguzi wa ndani atauliza nani aliagiza, kwa idhini gani, kupitia mfumo gani. Hapo matroni ataanza kusema hakukuagiza, alikuulizia bei tu, na wewe huna karatasi ya kumbishia. Mashuka yatakuwa yameshaloweshwa na kufuliwa, huwezi kuyachukua tena.

Siku za zamani madeni ya namna hiyo yalikuwa yakizungushwa mpaka yakapenyezwa mahali. Sasa ni vigumu zaidi. NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ulianza kutumika Julai 2023. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, ile Sura 410 ya mwaka 2023, ilianza kutumika Juni 2024 na kanuni zake Julai mwaka huohuo, nayo inataka ununuzi ufanyike ndani ya mfumo. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinazosomwa kila mwaka zimekuwa zikizitaja taasisi zilizonunua nje ya NeST. Mkuu wa taasisi hataki jina la ofisi yake liingie humo kwa ajili ya mashuka, kwa hiyo ukimpelekea ankara isiyo na asili hana sababu ya kukuhurumia.

Sasa la kukupa moyo. Milioni 3.9 kwako ni mzigo wa mwaka, kwa chuo ni ununuzi mdogo. Kwa thamani ndogo kuna njia fupi ndani ya NeST yenyewe, hakuna haja ya tenda ya miezi mitatu. Kama mashuka yamo kwenye mpango na fedha ipo, kitengo cha ununuzi kinaweza kulimaliza jambo hili kabla ya Juni kwisha. Kwa hiyo mtu anayekwambia LPO itafuata anakwambia moja kati ya mambo mawili: hajawaona watu wa ununuzi, au amewaona wakamkatalia. Yote mawili ni sababu ya kuweka mkasi chini.

Kuhusu proforma tatu, hapa nakuwa mkali kidogo. Huo mtindo umezoeleka hadi watu wanauona ni taratibu za kawaida. Si za kawaida. Bei za kulinganisha zinatakiwa ziombwe na taasisi, kwa watu ambao hawajakubaliana. Wewe ukizunguka Mbuyuni kuomba wenzako wakuandikie bei za juu ili ya kwako ishinde, mmekula njama, na sheria ya ununuzi inalijua kosa hilo. Mzabuni anaweza kufungiwa asishiriki tena ununuzi wa umma. Wenzako waliokugongea mihuri nao wameingia. Matroni hana saini hata moja kwenye karatasi zile.

Na lile la kutomsahau, usilijibu kwa kicheko. Ukimpa ni rushwa, na sheria haimwangalii mpokeaji peke yake. Akirudia kwa kutaja kiasi, namba ya TAKUKURU ni 113 na haikati salio. Asiporudia, chukulia ni utani uliopita, maisha yaendelee.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo naona umependezwa mno. Ulichopiga ni hesabu ya mteja wa taslimu: 26,000 toa 19,000, mara 150, unapata 1,050,000. Serikali hailipi kaunta. Kwanza, taasisi ya umma ikikulipa bidhaa inazuia asilimia 2 kama kodi ya zuio. Kwa huduma ni asilimia 5. Kwenye 3,900,000 wanakata 78,000. Fedha hiyo haijapotea, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato, mradi udai cheti cha kodi ya zuio na upeleke TRA. Mafundi wengi hawakidai, wanalipa kodi ileile mara mbili kisha wanalalamika serikali inawaonea. Pili, riba. Milioni 2.5 kwa asilimia 5 ni 125,000 kila mwezi. Ukilipwa baada ya mwezi mmoja hujaumia. Ukilipwa baada ya miezi mitano umewapa VICOBA 625,000. Toa na ile 78,000 ambayo mkononi haitafika, umebaki na 347,000. Bado hujalipa kirikuu cha kupeleka mzigo, bado hujawapa chai mafundi waliokesha, na kwa miezi hiyo yote mtaji wako umefungwa wakati shule zako za binafsi, zinazokulipa kwa wakati, zinataka sare.

Sikwambii kila taasisi inachelewesha. Zipo zinazolipa ndani ya wiki chache, hasa zenye mapato yake. Nakwambia upange bei na mkopo kama utakayelipwa kwa kuchelewa, wakiwahi ushukuru. Kwa mzigo huu 26,000 ni bei ya nyumba ya wageni inayokulipa ukiondoka. Kwa mteja anayekaa na hela yako msimu mzima, ama uipandishe ama ushushe gharama. Kushusha inawezekana: mita mia nane za kitambaa hazinunuliwi Double Road kwa bei ya reja. Arusha kuna viwanda vya nguo na ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Ulizia bei ya jora kabla hujaandika bei yoyote.

Kiwanja cha Njia Panda kisiguswe. Hapo namwomba mzee wa nyumbani anisamehe. Kiwanja hakiwekwi rehani kwa neno la mdomo la mtu asiye na mamlaka ya kuagiza, tena kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye tarehe yake haimjui mhasibu wa chuo. Mnapotaka mkopo wa kazi ya serikali, benki kubwa hapa mjini zina mikopo ya LPO: unapeleka LPO na nyaraka za biashara, wanakukopesha sehemu ya thamani yake, na malipo yanapita kwenye akaunti yao. Nenda kamwambie afisa mikopo kwamba LPO itafuata, uangalie uso wake. Kama mtu wa benki, ambaye kukopesha ndiyo kazi yake, hawezi kutoa hela juu ya maneno hayo, wewe unatoaje?

Huyo kijana wa laki tatu amekwambia ukweli nusu. Ni kweli NeST ndiyo mlango. Uongo ni kwamba ufunguo unakaa kwake. Unajisajili mwenyewe, kwa kutumia TIN na kitambulisho chako cha NIDA, na unachagua aina za biashara unazofanya ili mwaliko wa ununuzi wa aina hiyo ukufikie. Kama kompyuta inakutisha, lipia huduma ya kuandikiwa kama unavyolipia kuchapa barua, lakini ukae pembeni yake. Barua pepe iwe yako, simu iwe yako, nywila uiweke wewe. Nimeona fundi wa alumini ambaye biashara yake ilisajiliwa kwa barua pepe ya dalali. Mialiko ikawa inaingia kwa dalali, bei anaandika dalali, na fundi anaambiwa tu apeleke madirisha kwa bei ambayo dalali kashaipunguza chini ya gharama. Walipogombana, fundi hakuwa na namna ya kuingia kwenye akaunti yenye jina lake mwenyewe.

Kabla ya NeST, nyoosha jina. Kibao kinasema hivi, TIN inasema vile, na nina hakika akaunti ya benki inasema la tatu. Sajili jina la biashara BRELA, ni kazi ya mtandaoni, kisha TIN, leseni na akaunti visome jina hilohilo. Malipo ya serikali yanatumwa kimfumo, na jina la akaunti lisipolingana na la mkataba fedha inaweza kukataa kuingia ukaanza kufukuzana na barua. Lipa awamu ya Juni ya makadirio yako TRA isije ikakunyima hati ya kutodaiwa kodi siku unayoihitaji. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki: jua mapema utaitoaje. Kuna wahasibu wanaoitaka kabla ya kulipa, maana yake mauzo yamesomeka TRA wakati mfukoni hakuna kitu. Ulizia hilo kwa mhasibu wa taasisi kabla hujasaini, si baada.

Sasa dada yako wa Arusha. Yuko sahihi kwamba sheria inazitaka taasisi zinazonunua zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ila si fungu unalokwenda kudai dirishani. Kuwa mwanamke mwenye cherehani hakutoshi. Njia iliyozoeleka ni kikundi kilichosajiliwa na kutambuliwa halmashauri, kisha kikaingizwa NeST kama kundi maalumu, hapo ndipo mnashindana na vikundi wenzenu badala ya kushindana na mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo. Mtu wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, bure kabisa.

Kwa fundi kama wewe hii ni njia nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ya jambo ambalo dada hakulitaja. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Haina riba. Linganisha na 125,000 ya kila mwezi. Haitakufikia kabla ya Juni, wala usiikimbilie kwa ajili ya mashuka haya, lakini kwa kazi za mwaka ujao ndiyo mtaji unaofanana na mteja anayechelewa. Angalizo langu ni moja: fanya kikundi na mafundi kweli. Vikundi vya majina ya mashemeji hupata kazi ya kwanza, ya pili mnagombania hela, na deni la halmashauri linabaki kwa mwenye duka linaloonekana, ambaye ni wewe.

Wiki hii fanya hivi. Mwandikie matroni ujumbe, usimpigie, ili maneno yabaki. Kitu kama hiki: "Shikamoo mama. Mashuka ninaweza kuyashona na sampuli ipo tayari uje uione. Naomba uniunganishe na ofisi ya ununuzi ya chuo ili nipate mwaliko kupitia NeST. Nitaanza kukata nikishapokea LPO, na kuanzia siku hiyo nitahitaji wiki mbili. Proforma nitaleta ya kwangu peke yake." Kisha usikae kusubiri jibu. Nenda chuoni, ulizia afisa ugavi, mweleze una biashara gani na uulize kama mashuka yamo kwenye mpango wao. Mlango wa afisa ugavi hauhitaji kujuana na mtu. Tulikuwa tunapenda fundi anayekuja na sampuli na swali linaloeleweka, kwa sababu wengi waliokuja walitaka tu kujua "tenda zipo?"

Ikitokea LPO imetoka, isome kabla ya kusherehekea. Kwako pea ni shuka mbili na foronya mbili. Kwa aliyeandika LPO inaweza kuwa shuka mbili na foronya moja, au shuka mbili tupu, na kamati ya ukaguzi na upokeaji itakagua kilichoandikwa, haijui mlivyoongea na matroni. Urefu, upana, uzito wa kitambaa, kiasi cha pamba, vyote viwe kwenye karatasi. Ile bluu ifue mara kadhaa pamoja na kitambaa cheupe kabla hujanunua jora, maana ikitoa rangi mzigo mzima utarudishwa. Sampuli iliyokubaliwa isainiwe na pande zote na kipande kimoja kibaki kwako. Siku ya kupeleka, hati ya kupokelea isainiwe na kupigwa mhuri wenye tarehe, ankara ipelekwe siku hiyohiyo na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Foleni ya malipo inahesabu kuanzia hapo. Nembo ichapwe mwisho kabisa, ukiwa na LPO mkononi. Shuka la bluu tupu wakilikataa utaiuzia nyumba ya wageni. Lenye nembo ya chuo hata mgeni wa usiku mmoja atauliza limetoka wapi.

Na wakikwambia fedha ya mwaka huu imekwisha? Basi imekwisha, umeokoa 2,500,000. Mwache matroni aandike mahitaji yake upya, nawe Julai ikianza ingia NeST utazame mipango ya ununuzi ya mwaka mpya. Usitazame chuo hicho tu. Hospitali ya Mawenzi inatumia mashuka kuliko hosteli yoyote, mamlaka ya maji ina wafanyakazi wanaovaa sare, na kule kwa dada yako kuna makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ukumbi wa mikutano wa AICC wenye madirisha yanayotaka mapazia. Mfumo haujali unakaa Pasua au Njiro, ila kumbuka kuweka nauli ya mzigo kwenye bei. Anza na kazi ambayo hata ikilipwa Desemba duka halitafungwa. Kwa mafundi watano, mimi ningeanza na pea 40 au 50, si 150.

Kuna njia nyingine ambayo wenye majina hawapendi kuitaja: aliyeshinda tenda kubwa ya sare mara nyingi hana cherehani hata moja. Anatafuta wa kumshonea. Bei yake ni ndogo, lakini unaweza kumtaka kitambaa chake na nusu ya hela ya ushonaji mbele, jambo ambalo serikali haitakufanyia. Wengine wamejifunzia vipimo vya serikali hivyo, kwa hasara ya mtu mwingine, huku usajili wao ukiendelea kukamilika taratibu.

Ukishapata majibu ya afisa ugavi niandikie tena, na utume nakala ya LPO kama ipo. Futa tu jina la chuo.